Kabla ya kurekodi sauti ya kwanza: sheria ya data kwa wanaojenga akili unde Lamu

Modeli ya akili unde (AI) haina kitufe cha kusahau. Hapo ndipo sheria ya faragha inapokutana na kazi yetu. Mtu akikupa sauti yake, kisha baada ya miezi mitatu akaghairi, faili lake utalifuta kwa sekunde moja. Lakini kama lilikwisha kutumika kufundisha modeli, athari yake imetawanyika katika mamilioni ya namba zilizomo ndani yake, wala huna pa kuweka kidole useme "sauti ya Bi fulani ni hii hapa, naing'oa." Kwa hiyo mengi ambayo sheria inakudai uyatimize kabla ya mafunzo. Ukiyaahirisha utalipa kwa kuanza upya, na mara nyingine hutaweza kabisa.

Mfano nitakaoutumia ni mfumo wa kutambua matamshi unaoelewa lahaja za Lamu, yaani Kiamu, Kipate, Kisiu na Kitikuu, ili mtu wa visiwani aseme na simu yake kama anavyosema barazani kwao na bado aeleweke. Ni kazi yenye heri, na ndiyo maana inafaa ifanywe sawasawa. Nitagusa pia programu za WhatsApp zinazojibu wageni wa nyumba za Shela na Amu, kwa sababu hizo zinaundwa kwa siku mbili na data yake ni nzito kuliko waundaji wanavyodhani.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba 2019 na kusimama juu ya Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010. Baadaye zikatungwa kanuni tatu za mwaka 2021: za jumla, za usajili, na za kushughulikia malalamiko. Anayesimamia ni Kamishna wa Data. Wa kwanza kushika kiti hicho, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020. Soma Sheria na Kanuni za Jumla pamoja. Anayesoma Sheria peke yake hukosa baadhi ya siku za mwisho za kutimiza mambo, na siku hizo ndizo zinazomkamata mtu.

Data nyeti ya kwetu ni pana kuliko unavyofikiri

Wengi wetu tulijifunza faragha kupitia sheria ya Ulaya, tukabeba orodha yake ya data nyeti: afya, dini, kabila, alama za mwili. Orodha ya Kenya inakwenda mbali zaidi. Inaingiza hali ya ndoa, mali ya mtu, na habari za familia, yakiwemo majina ya watoto, wazazi, mume au mke.

Litazame hilo kwa jicho la Lamu. Mtu akijitambulisha kwa jina lake bin babake, amekutajia mzazi. Ukimwomba mzee akusimulie chochote ili upate sauti, atakusimulia shamba lake la kule Hindi, bara ya Lamu, lililo na mzozo wa mipaka, nyumba waliyorithishwa mtaa wa Mkomani, na binti aliyeachwa mwaka jana. Wewe ulitaka matamshi tu, lakini faili limebeba mali, ndoa na familia, tena za watu ambao hawapo kukupa ridhaa. Sauti nayo ikichakatwa kwa namna ya kumtambua msemaji inaingia katika data ya kibayometriki, yaani alama za mwili zinazomtambulisha mtu, ambayo pia ni nyeti.

Dawa yake iko katika namna ya kurekodi. Usiombe habari za maisha, omba mambo ya kazi na vitu: namna ya kushona tanga, kuchonga mlango, kupika wali wa nazi, kufunga mashua kamba, kutaja samaki na aina za upepo. Andaa picha 60 hivi za vitu vya kila siku na kila mmoja azieleze anavyotaka. Utapata msamiati na matamshi bila kisa cha jirani. Rekodi ndani ya chumba, si barazani, kwa sababu barazani mpita njia ataitwa kwa jina na kujibu, na sauti yake haina ridhaa. Kisha mtu asikilize kila faili kabla halijaingia kwenye hazina, na akikuta jina, namba ya simu au kisa cha mtu akikate. Saa moja ya sauti inakula kama saa moja na nusu ya kusikiliza na kukata. Iweke katika bajeti tangu mwanzo, kwani isipowekwa hapo ndiyo inayorukwa.

Siku 60 za tathmini

Kifungu cha 31 cha Sheria kinataka tathmini ya athari pale ambapo uchakataji unaweza kuhatarisha sana haki za watu. Kanuni za Jumla zinataja mifano: data ya kibayometriki, data ya watu walio katika hali dhaifu, kuunganisha hazina za data, uamuzi wa mashine wenye uzito kwa mtu, na teknolojia mpya. Mfumo wa sauti unagusa zaidi ya moja kati ya hizo, kwa hiyo usijitafutie tundu la kutokea. Fanya tathmini.

Ripoti inapaswa kumfikia Kamishna siku 60 kabla ya uchakataji kuanza, na kurekodi tayari ni kuchakata. Anayetaka kurekodi wakati wa Tamasha la Utamaduni la Lamu mwezi wa Novemba, mjini kumejaa watu wa visiwa vyote, ripoti yake iwe imefika mwanzoni mwa Septemba. Wafadhili hutoa fedha wakitaka sauti ndani ya mwezi. Waambie mapema kwamba hilo halitakuwa.

Ndani ya ripoti mna mambo manne: unachofanya na kwa nini, kama ni lazima na kama kinalingana na lengo, hatari kwa wahusika, na hatua za kuzipunguza. Mahali inapoharibika ni pa tatu. Watu huandika hatari ya kampuni, kama kudukuliwa au kushtakiwa, ilhali sheria inauliza hatari ya mwenye data. Andika wazi: sauti ya mama wa Pate inaweza kuigizwa na programu ya kuiga sauti, ikatumiwa kumwomba mwanawe wa Mombasa pesa kwa M-Pesa. Hatari ikiandikwa hivyo, hatua yake inajionyesha yenyewe: sauti ndefu na safi za mtu mmoja zisitolewe hadharani.

Asiyeamini uzito wa ripoti hii atazame kesi mbili. Tarehe 14 Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha usambazaji wa kadi za utambulisho za Huduma Namba kwa sababu serikali haikufanya tathmini ya athari kwanza. Mei 2025 Mahakama Kuu tena iliamuru data ya kibayometriki iliyokusanywa na Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali uliopiga picha mboni za macho ya watu, ifutwe ndani ya siku saba; hapo pia tathmini haikufanywa ipasavyo, na ridhaa ilipatikana kwa kishawishi cha malipo. Mradi mmoja wa serikali, mwingine wa kampuni ya kigeni yenye fedha nyingi, na yote miwili ilijikwaa kabla ya mtambo wenyewe kujadiliwa.

Ridhaa isemwe kwa lugha ya mtu

Kanuni zinakubali ridhaa ya mdomo, si sahihi ya karatasi peke yake. Kwa wazee wa Siyu na Faza hilo ni jema, mradi uirekodi, kwa kuwa mzigo wa kuthibitisha ridhaa uko juu yako. Nashauri ridhaa iwe faili la kwanza la kila mtu, lenye namba yake, na lihifadhiwe mbali na sauti za mafunzo.

Usiombe ndiyo moja kwa mambo yote. Tenga matatu: kufundishia modeli, kuhifadhi sauti baada ya mafunzo, na kuitoa hadharani. La tatu ni zito peke yake. Kama unapeleka sauti kwenye hazina ya wazi kama Common Voice ya Mozilla, ambayo Kiswahili kimo, sauti hizo hutolewa kwa leseni ya CC0. Mtu yeyote duniani anaweza kuzipakua na kuzitumia, na zikishapakuliwa hakuna wa kuzikusanya. Hilo lisemwe mbele ya mtu kabla hajafungua kinywa.

Maneno yawe karibu na haya, kwa mtu mzima anayestahili kukaa na kusikilizwa:

"Mama, twaomba kurekodi sauti yako dakika ishirini. Itafundisha kompyuta isikie Kiamu. Jina lako halitakaa pamoja na sauti, utapewa namba. Waweza kukubali kufundishia na ukakataa watu wengine wasipewe sauti yako. Ukighairi, leo au mwakani, mtume mtu yeyote atupigie, tutaifuta ndani ya siku kumi na nne. Ila kompyuta iliyokwisha kujifunza haitasahau papo hapo. Itakayotengenezwa baadaye ndiyo haitakuwa na sauti yako. Posho ya muda wako ni yako hata ukikataa sasa hivi."

Sentensi tatu za mwisho ndizo ninazoziona zimeachwa mara nyingi, nazo ndizo zenye ukweli zaidi. Posho isiyotegemea jibu inaondoa kishawishi. Na kueleza kwamba modeli haisahau kunampa mtu nafasi ya kukataa akijua anachokataa.

Watoto chini ya miaka 18 wanahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na maslahi yao yalindwe. Mwalimu wa madrasa si mzazi. Septemba 2023 Kamishna aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na picha ni nyepesi kuliko sauti iliyomo ndani ya modeli. Kama huhitaji sauti za watoto, usizichukue.

Daftari la data

Hapa ndipo kazi ya sheria inapokuwa kazi ya fundi. Kabla ya faili la kwanza, tengeneza daftari, hata kama ni lahajedwali tu. Kila faili lina mstari wake: namba ya msemaji, tarehe ya ridhaa, jibu lake kwa kila moja ya yale matatu, mahali faili lilipo pamoja na nakala zake, hashi ya faili (alama fupi inayokokotolewa kutokana na faili lenyewe), matoleo ya modeli yaliyolitumia, na tarehe ya kufutwa. Safu ya matoleo ndiyo inayosahaulika. Bila hiyo, mtu akighairi utalifuta faili, lakini hutajua ni modeli zipi kati ya zako zilizojifunza kwake.

Namba ya msemaji iwe ya kubahatisha, kama A017, na jedwali linalounganisha namba na jina likae kwenye mashine nyingine, limefungwa kwa nywila, watu wawili tu wakiwa na ufunguo. Usitengeneze namba hiyo kwa kuhashi namba ya simu. Namba za simu za Kenya huanza na 07 au 01 na kufuatwa na tarakimu nane, kwa hiyo zote kwa jumla hazizidi milioni 200. Kompyuta ya kawaida inazihashi zote kwa dakika chache na kukuonyesha ipi ni ya nani. Namba ya kitambulisho ina udhaifu huohuo. Kama ni lazima uhashi, tumia ufunguo wa siri usiokaa pamoja na data.

Simu inayorekodi nayo huacha alama. Nyingine hulipa faili jina la mahali liliporekodiwa, nyingine huandika saa na aina ya simu ndani ya faili. Unapobadilisha faili kuwa WAV ya mkondo mmoja ya kilohezi 16, yafute hayo hapohapo kwa programu ya ffmpeg:

ffmpeg -i asili.m4a -map_metadata -1 -ac 1 -ar 16000 A017_003.wav

Kwa biti 16 utapata kama megabaiti 115 kwa saa, kwa hiyo saa 20 za sauti ni gigabaiti 2.3. Zinatosha kwenye diski ndogo iliyosimbwa, na huna sababu ya kuziacha kwenye kikundi cha WhatsApp au kwenye simu iliyovuka nazo kutoka Mokowe. Faili la asili lifutwe kwenye simu siku hiyohiyo.

Kisha kuna tatizo la udogo wetu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti nzima. Ukiandika kwamba msemaji ni mwanamke, miaka 70 hadi 75, wa Kipungani, mchonga vyombo, hujamficha mtu, umemtaja. Panga umri kwa miaka ishirini ishirini, tumia kisiwa badala ya kijiji, na kundi lolote lenye watu chini ya watano liunganishwe na jingine. Wataalamu wa lahaja watalalamika, na wana haki. Wapewe taarifa kamili kwa mkataba, isiwe kwenye faili la hadharani.

Kufundisha ukijua utaondoa

Usifundishe modeli nzima upya kama huna haja. Chukua modeli ya wazi iliyokwisha kujifunza Kiswahili, uifundishie kipande kidogo cha nyongeza kwa sauti zako. Kwa saa 20 za sauti na kadi moja nzuri ya michoro (GPU), hiyo ni kazi ya saa chache. Faida ya kisheria ni kubwa: mtu akighairi unakitupa kipande, unafundisha kingine bila sauti yake, na modeli ya msingi haijaguswa. Weka ratiba ya kufundisha upya kila miezi mitatu, ikiwa na orodha ya walioghairi. Unapogawa data ya mafunzo na ya majaribio, gawa kwa msemaji, si kwa faili. Sauti za A017 zikiwa pande zote mbili, matokeo ya majaribio yatakudanganya, na kumwondoa kutavuruga pande zote mbili.

Modeli za maandishi zina hatari yake: sentensi iliyorudiwa mara nyingi katika data inaweza kutoka neno kwa neno. Ondoa marudio. Kisha pandikiza sentensi chache za uongo zenye namba zisizo za mtu, na baada ya mafunzo uipe modeli mwanzo wa kila moja uone kama inazimalizia. Ikizimalizia, itamalizia na za kweli.

Programu za kujibu wageni

Mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vitano hudhani ni mdogo mno kusajiliwa, kwa sababu Kanuni zinawaachilia wenye mapato chini ya shilingi milioni 5 na wafanyakazi chini ya 10. Msamaha huo hauwahusu walio katika orodha maalumu, na ukarimu wa wageni umo. Waongoza watalii ndio waliotolewa. Afya, elimu na mikopo nazo zimo. Ada kwa biashara ndogo ni shilingi 4,000, na cheti ni cha miezi 24.

Kiufundi, ujumbe wa mgeni usiende moja kwa moja kwenye modeli iliyoko ng'ambo. Upite kwanza kwenye chujio la seva yako, linalobadilisha namba ndefu, anwani za barua pepe na majina kuwa alama. Picha ya pasipoti isifike kwenye modeli hata kidogo. Machujio yaliyotengenezwa kwa Kiingereza hukwama kwetu kwa sababu Baraka, Subira, Amani na Neema ni majina na ni maneno, na watu hawaandiki herufi kubwa wakiwa WhatsApp. Namba nayo huja imekatwa kwa nafasi, au kwa maneno: sifuri saba mbili mbili. Jaribu chujio kwa ujumbe 200 wa kujitungia wa namna hiyo kabla ya kuliamini.

Data nyeti kutoka nje ya Kenya inahitaji ridhaa ya mwenyewe pamoja na uthibitisho wa ulinzi unaofaa. Kwa hiyo uliza seva iko nchi gani, na usome katika mkataba kama maandishi yako yanatumika kufundishia modeli yao. Mgeni aliyeweka chumba amekubali uchakate ujumbe wake ili apate chumba. Hakukubali mazungumzo yake yafundishe programu yako ijayo. Hayo ni makusudi mawili, na la pili linaombewa ridhaa yake.

Ukitangaza kwa Waitaliano na Wajerumani walio kwao, sheria ya Ulaya nayo inaweza kukufikia. Ulaya inakupa mwezi mmoja kumjibu mtu anayetaka kuona data yake. Kenya inakupa siku saba. Kurekebisha na kufuta ni siku 14. Fuata muda mfupi, utakuwa umetimiza zote. Na programu isimkatalie mgeni chumba au kumdai malipo ya awali kwa hesabu yake peke yake. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Kenya kinampa haki ya kuarifiwa na ya kutaka uamuzi uangaliwe upya na binadamu, kwa hiyo pawe na namba ya mtu anayeshika simu.

Data ikivuja, Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72 tangu ulipojua, Ijumaa na Jumapili zikiwemo. Anayechakata kwa niaba yako ana saa 48 kukuarifu wewe, na hilo liandikwe katika mkataba wake. Faini ya kiutawala inafika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliopita, yoyote iliyo ndogo.

Mwisho wa mradi ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Fedha zikiisha vijana wanatawanyika, diski inabaki kwa mmoja wao, na jedwali la majina kwa mwingine. Tangu siku ya kwanza andikeni ni nani atakayepokea ombi la Mama wa A017 miaka miwili baada ya ofisi kufungwa, kwa simu ipi. Akikosekana mtu huyo, jedwali la majina na sauti za asili zifutwe siku ya kufunga ofisi, watu wawili washuhudie, na tarehe iandikwe kwenye safu ya mwisho ya daftari.